Namna ya Kuchagua Spika ya Masafa Kamili kwa Modela ya Gitaa

Mpiga gitaa anayeacha amplifaya ya kawaida na kuhamia modela ya kidijitali, yaani kifaa kinachoigiza sauti za amplifaya na spika za gitaa, aghalabu hudhani kwamba amekwisha kununua kila kitu siku anapoitoa modela yake ndani ya boksi. Anaisikiliza nyumbani kwa hedifoni, sauti inamkaa vizuri, kisha anaipeleka ukumbini na kuichomeka katika spika yoyote aliyoikuta pale, na sauti ile ile iliyomfurahisha usiku uliopita inatoka imechakaa. Nimepiga gitaa kwa miaka mingi hapa Mombasa, katika hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu na katika harusi za Kisauni na Likoni, na vijana wanaonifuata baada ya kazi huniuliza kuhusu modela kuliko wanavyoniuliza kuhusu spika. Mimi naona swali la spika ndilo zito zaidi, kwa sababu modela mbili za bei tofauti zikipita katika spika moja nzuri hukaribiana sana, ilhali modela moja ikipita katika spika mbili huwa kama vyombo viwili visivyojuana.

Kwa nini spika ya gitaa haitoshi

Spika ya kawaida ya gitaa haikutengenezwa itoe sauti zote. Celestion Vintage 30, ambayo imo katika masanduku mengi ya wapiga roki, imeandikiwa na kiwanda masafa ya hezi 70 hadi 5,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti: namba ikipanda, sauti huwa nyembamba zaidi), na kuanzia hapo kwenda juu sauti yake huporomoka haraka. Kuporomoka huko ndiko kunakolainisha makali ya gitaa la umeme, hasa linapopigwa kwa distoshoni, ule mkwaruzo wa makusudi wa muziki wa roki. Modela huliigiza jambo hilo. Ndani yake mna hatua zinazofuatana: amplifaya ya mbele, amplifaya ya nguvu, sanduku la spika, na maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya sanduku hilo. Hatua mbili za mwisho mara nyingi huhifadhiwa katika faili dogo linaloitwa IR, ambalo ni kumbukumbu ya jinsi sanduku fulani na maikrofoni fulani zilivyoitikia mlio mmoja.

Basi ukiipeleka sauti iliyokwisha kupita katika sanduku la kuigizwa hadi kwenye amplifaya ya kawaida ya gitaa, umeipitisha katika masanduku mawili, nayo itatoka imefunikwa kama ya mtu anayesema ndani ya blanketi. Ukifanya kinyume chake, ukalizima sanduku la kuigizwa na kuichomeka modela katika spika ya masafa kamili, yaani inayotoa sauti zote kuanzia nzito hadi nyembamba, utasikia mchachariko kama wa viazi karai vinapotumbukizwa katika mafuta yaliyochemka. Kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba spika yake mpya inakwaruza, jambo la kwanza ninaloliangalia ni kama hatua ya sanduku imewashwa, na mara nyingi ninaikuta imezimwa.

Spika ya masafa kamili yenye amplifaya ndani yake ina koni kubwa, ambayo mafundi wetu huiita wufa, kwa ajili ya sauti nzito na za kati, na twita kwa ajili ya sauti nyembamba. Baina ya viwili hivyo mna saketi inayogawanya masafa, kwa kawaida karibu na hezi 2,000, na kila upande una amplifaya yake. Spika ya namna hii huanzia hezi 50 au 60 na kufika karibu na 20,000, na kazi yake ni kuirudisha sauti kama ilivyoingia, bila kuitia rangi yake.

Kuna jambo moja ambalo ni vyema ulijue kabla ya kutoa pesa. Sauti utakayoisikia ni ile ya amplifaya iliyokwisha kupita katika maikrofoni. Haitakuwa sawa na ya amplifaya iliyosimama nyuma ya visigino vyako. Mpigaji aliyezoea upepo wa koni ya inchi 12 ukimpiga miguuni anaweza kuikosa hali hiyo na kudhani amedanganywa. Kwa ajili ya watu wa aina hiyo viwanda vimetengeneza spika za katikati: Line 6 ilitoa Powercab mwaka 2018, ambayo inaweza kukaa katika hali ya masafa kamili au kuigiza spika mbalimbali za gitaa, na Fender ilitoa Tone Master FR-10 na FR-12 mwaka 2023, zenye sanduku la mbao, umbo la amplifaya, na vifundo vya besi, kati na sauti za juu. Ni spika nzuri. Hata hivyo, kwa mtu ambaye kazi yake ni katika kumbi zenye mitambo mikubwa ya sauti, mimi humshauri achukue spika iliyo nyoofu kabisa, yaani isiyotia rangi yake katika sauti, kwa sababu kile anachokisikia yeye kitakuwa karibu sana na kile wanachokisikia wageni kule mezani, na hatakuwa na haja ya kubishana na fundi wa mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti za bendi nzima.

Anza na kazi, si na chapa

Jiulize spika hii itafanya kazi gani kwa siku nyingi zaidi katika mwezi. Ikiwa unapiga hotelini, mahali ambapo sauti yako inaingia katika mikisa na kutoka katika spika kubwa za ukumbi, unahitaji spika ya kujisikilizia wewe na mwenzako aliye karibu nawe. Spika ya inchi 10 inatosha, na iwe na ubavu uliokatwa mshazari ili iweze kulazwa sakafuni ikikutazama usoni. Kosa ninaloliona sana ni la mpigaji kuilaza spika isiyo na ubavu huo, twita ikapiga magotini mwake; naye, kwa kuwa hasikii sauti za juu, anaziongeza katika modela, na wageni wa meza za mbele wanaumia masikio bila yeye kujua.

Ikiwa unapiga katika harusi za mitaani au katika kumbi ndogo ambako gitaa halipiti katika mikisa, spika hiyo hiyo ndiyo itakayoujaza ukumbi, na hapo inchi 12 ndiyo inayofaa, pamoja na tundu la chini la kuisimamishia juu ya stendi, ili twita ivuke vichwa vya watu. Ikiwa kazi yako ni mazoezi ya nyumbani tu, na hasa ikiwa unaishi Mji wa Kale ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani, usinunue spika ya jukwaani hata kidogo. Jozi ya spika ndogo za studio za inchi 5, zikiwekwa mezani kwa umbali wa mita moja, zitakupa sauti safi zaidi kwa kiwango kidogo, na hazina ule mvumo wa feni ambao hukera usiku.

Kuhusu inchi 15, sipati sababu ya mpiga gitaa kuibeba. Uzi mzito kabisa wa gitaa lililotyuniwa kwa kawaida hutoa hezi 82, ambazo hata spika nzuri ya inchi 10 inazifikia. Chini ya hapo ni eneo la gitaa la besi na ngoma kubwa, na mpiga gitaa anayelivamia huivuruga bendi nzima. Isitoshe, koni kubwa hubana sauti za kati mbele yake kama tochi, kwa hiyo aliyesimama mbele husikia gitaa moja na aliyesimama pembeni husikia jingine.

Wati zinavyopotosha

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi. Spika inaweza kuandikwa wati 2,000, lakini namba hiyo mara nyingi ni ya kilele, yaani nguvu inayopatikana kwa kufumba na kufumbua, na nguvu ya kudumu ni ndogo kuliko hiyo. Tazama Yamaha DXR10, ambayo iko katika kumbi nyingi duniani: ni wati 1,100 ukihesabu kilele, na wati 700 ukihesabu nguvu ya kudumu. Kiwanda hicho kinazitaja namba zote mbili, na hilo ni jambo la heshima. Kinachotaja ya kilele peke yake kinakuachia kazi ya kukisia.

Hata nguvu ya kudumu ikijulikana, wati si sauti. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi, ambazo sikio huziona kama nyongeza ndogo, na ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili unahitaji takribani desibeli 10, ambazo ni wati mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya wati 1,000 na 1,200 isikushughulishe. Tafuta namba ya kiwango cha juu cha sauti kwa umbali wa mita moja, inayoandikwa kwa desibeli. Spika yenye 125 au zaidi itasimama na mpiga ngoma wa kawaida bila kuhangaika, na nafasi inayobaki juu yake ndiyo inayofanya gitaa safi, yaani lisilo na distoshoni, lisipasuke sauti unapolipiga kwa nguvu.

Nafasi hiyo ina maana zaidi kwetu sisi wa Pwani kuliko kwa wapiga roki. Katika bango, muziki wetu wa dansi wa Pwani, gitaa halina distoshoni ya kuficha makosa, na kila noti inaruka kwa ghafla kisha inatulia. Mruko huo wa mwanzo ndio unaohitaji nguvu. Spika dhaifu huubana, na gitaa linakuwa kama limefungwa kitambaa mdomoni, hata kama sauti ya jumla inaonekana kubwa.

Kuijaribu dukani

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi. Nenda na modela yako, gitaa lako, kebo zako na hedifoni zako. Usikubali kujaribu kwa modela ya dukani, kwa kuwa hujui imepangwa vipi. Nenda asubuhi siku ya kazi, duka likiwa na utulivu, na mwombe muuzaji kwa adabu akuruhusu kupiga kwa sauti kubwa kwa dakika kumi. Muuzaji anayekataa kabisa, mshukuru na uende duka jingine.

Kabla ya kupiga chochote, angalia nyuma ya spika. Vifundo vyote vya besi na sauti za juu viwe katikati, na kitufe chochote cha kuongeza besi au cha kuchagua aina ya muziki kiwe katika hali ya kawaida. Spika nyingi huonyeshwa dukani zikiwa zimeongezwa besi, kwa sababu besi huuza. Kisha iwashe bila kuchomeka kitu, uweke sikio kwa umbali wa mita moja, usikilize: mchirizi wa twita na mvumo wa feni ukikukera dukani, utakukera zaidi katika wimbo wa taratibu.

Anza na muziki uliorekodiwa ambao unaujua vizuri, ili uijue tabia ya spika yenyewe. Sauti ya mwimbaji iwe ya mtu, isitoke puani wala ndani ya pipa. Kisha ingia katika gitaa safi. Piga uzi mzito peke yake, noti kwa noti kupanda, usikilize kama kuna noti moja inayovimba kuliko jirani zake. Ikivimba, jua ni sanduku linalotetemeka au ni kona ya chumba. Isogeze spika mbali na ukuta na urudie, kwa kuwa sakafu na ukuta huongeza besi, na pembe ya chumba huongeza zaidi.

Baada ya hapo mpe mwenzako gitaa aendelee kupiga kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja) bila kuibadilisha, nawe utembee kwa nusu duara mbele ya spika, taratibu, sikio likiwa katika urefu wa twita. Spika nyingi zimeandikiwa upana wa nyuzi 90 kwa ubavu, lakini njia ya kuujua ukweli ni miguu yako. Katika spika nzuri gitaa halibadiliki mpaka umefika pembeni kabisa, na hata hapo hupungua polepole. Katika spika mbaya utafika hatua mbili tu na sauti za juu zikakatika kama taa iliyozimwa. Rudi katikati, sogea mpaka uwe mita moja tu, kisha uchuchumae na kusimama. Ukisikia wufa ikisema kutoka chini na twita ikisema kutoka juu kama watu wawili, spika hiyo inafaa kusikilizwa kwa mbali, lakini haitakufaa ukiwa umeisimamia karibu. Zile zilizowekwa twita katikati ya koni hazina tatizo hilo, na kwa jukwaa dogo la hoteli mimi huzipendelea hata zikiwa na nguvu kidogo.

Mwisho wa jaribio, pandisha sauti mpaka kiwango cha jukwaani. Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la mwanadamu husikia besi na sauti za juu kwa udhaifu zaidi pale sauti inapokuwa ndogo. Ndiyo maana sauti uliyoitengeneza usiku kwa hedifoni huonekana imejaa, na ukiipandisha ukumbini besi inavuma na makali yanachoma, ingawa hakuna kifundo kilichoguswa. Usiihukumu spika kwa kosa hilo. Kata besi chini ya hezi 80 au 100 na ukate sauti za juu kuanzia hezi 6,000 au 8,000 ndani ya modela, usikilize tena, ndipo useme kama spika ni kali au la.

Wapo wanaohofia kwamba spika ya kidijitali itachelewesha sauti. Sauti husafiri takribani sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde mbili au tatu ni sawa na kurudi nyuma hatua moja. Jambo hili lisikunyime usingizi.

Umeme, chumvi na safari

Umeme wetu ni volti 240 kwa hezi 50. Spika nyingi za kisasa hukubali kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe, lakini si zote, na za kale zilizoagizwa kutoka Marekani ni za 120 pekee. Niliwahi kununua spika iliyotumika ambayo bamba lake la nyuma lilikuwa limefunikwa na vumbi na gundi ya stika. Niliichomeka kwa adapta ya pini tatu za mraba, ikatoa mlio mmoja mfupi, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba. Nilipolifuta bamba kwa kidole, namba 120 ilikuwa pale pale, imechapwa wazi. Tangu siku hiyo hubeba kitambaa na tochi, na husoma bamba kabla ya kuuliza bei.

Katika kazi za jenereta, weka kinga ya umeme kati ya spika na ekstensheni, washa modela kwanza na spika mwisho, na wakati wa kuzima anza na spika. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma baada ya kuunganisha modela na mikisa, tafuta kitufe cha kutenganisha ardhi kwenye modela au spika, au tumia kisanduku cha DI, kifaa kidogo kinachokaa kati ya chombo na mikisa. Kamwe usiikate wala kuilegeza pini ya ardhi ya plagi, hata fundi mzoefu akikuambia kwamba ndivyo wanavyofanya wote. Nyuzi za gitaa ni chuma, na mikono yako iko juu yake.

Hewa ya bahari ni adui wa polepole. Baada ya msimu mmoja wa kazi za ufukweni nilichomoa kebo iliyokaa nyuma ya spika yangu na kuona ukungu wa kijani kwenye pini zake tatu, na ndani ya tundu wavu wa chumvi uliokauka kama unga. Kwa hiyo unapochagua, pendelea sanduku la plastiki nzito au la plaiwudi iliyopakwa rangi ngumu. Lile la mbao za kubanwa huvimba kwenye pembe likipata unyevu wa masika. Pendelea pia spika inayopozwa kwa mapezi ya chuma bila feni, kwa sababu feni huivuta hewa ya chumvi na kuipeleka moja kwa moja kwenye saketi. Nunua kifuniko chake siku hiyo hiyo, na usiilaze spika ufukweni hata kwa usiku mmoja.

Uzito nao uupime kwa mkono. DXR10 ina kilo 14.6 na DXR12 ina kilo 19.3, na tofauti hiyo ya kilo tano hivi ni ndogo dukani lakini ni kubwa sana unapoteremka mteremko wa Likoni kukimbilia feri, gitaa likiwa mgongoni na modela mkono wa pili. Inyanyue kwa mkono mmoja, tembea nayo mpaka mlango wa duka na kurudi, na uangalie kama kishikio chake kinakata vidole. Hakikisha pia kwamba inaingia nyuma ya tuktuk ikiwa na wewe ndani.

Ukinunua iliyotumika, pitisha mlio unaopanda taratibu kutoka hezi 50 hadi 15,000, ambao simu yoyote inaweza kuutoa kwa programu ya bure. Mlio ukitetema au kukwaruza mahali fulani, wufa imesuguana au utando wa twita umepasuka. Utando wa twita hubadilishwa, mradi fundi awe anaweza kuupata. Bodi ya amplifaya ya kisasa ni ngumu kutengenezwa, na spika yenye bodi iliyowahi kuguswa mimi huiacha.

Ukishaifikisha nyumbani, itengee siku moja ya kupanga upya sauti zako zote kwa kiwango cha jukwaani, mahali ambapo hutamsumbua mtu. Tumia njia mbili za kutokea za modela: moja iende kwenye mikisa bila kuguswa, nyingine iende kwenye spika yako ikiwa na ikwalaiza (kirekebishi cha besi, sauti za kati na za juu) yake peke yake, ili ukumbi ukikulazimisha kupunguza besi ya spika iliyo sakafuni, wageni wasipoteze chochote. Spika ikikaa vizuri, bandika kipande cha tepu nyeupe kando ya kifundo cha sauti na uweke alama kwa kalamu mahali kilipo, maana watu wengi watapita nyuma yake kabla ya wimbo wa kwanza.